Kaburi Alilolikosa Ukasha Mshamu

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wageni wa ofisi ya barabara mliopewa viti vya mbele, assalaam alaykum. Haya yameandikwa na mimi Semeni, dada mkubwa wa marehemu, na anayewasomea ni mwanangu Haruna, kwa sababu macho yangu siku hizi yanagombana na mwandiko wangu mwenyewe, na nimemwambia asome kama nilivyoandika, asiruke pale atakapoona haya.

Marehemu Ukasha Mshamu Saadi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Mahege, mtoto wa pili wa mzee Mshamu Saadi na bi Subira, akiwa na kichwa kikubwa mpaka mkunga akamuuliza mama kama ana hakika ni mtoto mmoja, naye alikua mtoto asiyejua kusubiri, akitumwa maji anarudi na nusu ndoo kwa kuwa amekimbia njia nzima, na akigombezwa anajibu, "Mama, si nimewahi lakini?"

Alisoma shule ya msingi Mahege kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, pia akahitimu madrasa, na mwaka 1981 akapata kazi kwenye kivuko cha Ndundu, enzi hizo daraja halijajengwa, kazi ya kufunga kamba na kupanga magari, na hapo ndipo alipoona watu wanavyokwama mto ukijaa, wagonjwa, maharusi, hata maiti, wote wamepanga foleni moja. Alikuwa akiniambia, "Dada, barabara ikichelewa inaua, na ikijengwa mbiombio inaua pia, ila muuaji huyu wa pili hana shahidi." Mwaka 1986 akaingia kwenye kazi za barabara kama kibarua wa koleo na sururu, akapanda taratibu mpaka akawa nyapara.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1989 na bi Zuena binti Abbasi wa Bungu, ingawa ukweli ni kwamba alikwenda kumposa Mwanajuma, binamu yake Zuena, ila chai ililetwa na Zuena na posa ikageukia kwenye sinia, na Mwanajuma yupo hapa amejitanda khanga nyeusi, hana kinyongo, nimeshamuuliza. Walijaaliwa watoto watatu, Hafsa, Saidy na Warda. Hafsa alizaliwa mwaka 1992, akafariki kwa homa tarehe 3 Juni 1995, akazikwa makaburi ya zamani ya Bungu, upande wa barabarani, na kichwani pake pakachomekwa kigingi cha mkoko kutoka delta, kama tufanyavyo kwa watoto, maana mkoko hauozi upesi.

Mwaka 2007 ikaja kazi ya kupanua barabara, na ikaonekana lami mpya itapita juu ya safu ya mwisho ya makaburi yale. Wapima barabara nao walichomeka vigingi kuonyesha itakapofika, na vigingi vyao walivinunua kwa wauza boriti walewale wanaotuuzia sisi, mkoko uleule. Sasa hapa ndipo watu wetu walipofanya ujanja wa kijinga, maana walipoona kigingi kimeangukia kwenye mkorosho wa mtu, magharibi kinang'olewa na kwenda kuchomekwa pengine, na waliofanya hivyo siwataji, wamo humuhumu, mmoja anajifanya anakohoa.

Mvua zilikuwa zinakaribia na kazi ilikuwa nyuma, na wakubwa wa kampuni wakamwambia marehemu awaombe wenye makaburi wahamishe maiti zao haraka. Watu wakakataa, wakasema, "Nyapara, anza wewe na wako, tukuone." Basi akaanza yeye, mbele ya watu wote, akachimba penye kigingi, na hakukuta kitu, si mfupa wala sanda, udongo tu. Sheikh aliyekuwepo akasema mtoto mdogo ardhi humpokea upesi, kwa hiyo udongo ule ukatiwa kwenye sanda, ukasaliwa, ukazikwa makaburi mapya, na wenzake waliposhuhudia hayo wakakubali, safu nzima ikahamishwa, na kazi ikaendelea.

Ila jioni ile, alipokuwa anakiosha kile kigingi ili akichomeke kwenye kaburi jipya, tope likatoka, na chini yake akaona rangi nyekundu ya wapima barabara. Alikuwa amechimba penye kigingi cha barabara kilichohamishwa. Cha Hafsa kilikuwa kimeshaanguka na kufunikwa na majani, na Hafsa mwenyewe alikuwa bado yupo palepale, hatua chache tu pembeni, na asubuhi yake mtambo wa kushindilia ulikuwa unaingia.

Hakusema. Alijua akifungua mdomo, kila mwenye kaburi atauliza kama naye amezika udongo mtupu, na kazi itasimama mpaka mvua iisombe. Akasimama yeye mwenyewe juu ya kipande kile, akaamuru kifusi kimwagwe kwa tabaka nyembamba, kimwagiliwe, kishindiliwe, kipimwe, kirudiwe, mpaka vijana wakanung'unika, "Bosi, hapa tunajenga barabara au uwanja wa ndege?" Barabara ikafunguliwa kabla ya wakati, akapewa cheti na redio. Nanyi wageni mnajua kuliko mimi kwamba kipande kile hakijawahi kutitia wala kutoboka hadi leo, huku na huku ni viraka vitupu, na madereva wa malori wakifika pale, kwa vile pamenyooka na ni laini, ndipo wanapokanyaga mafuta.

Tangu hapo marehemu hakuwa mzima, wallahi. Akiwa ndani ya gari, akikaribia pale anashuka, anatembea pembeni kwa miguu, anapanda tena mbele. Kila Alhamisi Zuena alikwenda kufagia kaburi jipya na kumwagilia maua mekundu aliyoyapanda hapo, na marehemu hakufuatana naye hata mara moja, alikuwa anasema goti linamuuma. Maneno yakaenea hapa Kibiti mjini kwamba ana mwanamke Bungu, maana alionekana huko alfajiri, amesimama peke yake, na mimi sikulaza damu, nilipanda bodaboda kwenda kumfumania. Nilimkuta kweli, amechutama kando ya lami, malori yanapita yanamtikisa shati, na anazungumza kwa sauti ya chini, "Lala, mama, ni gari tu, limeshapita, lala." Nilirudi bila kumgusa, na bodaboda aliponiuliza, "Bibi, umempata huyo mwanamke?" nilimjibu nimempata.

Alistaafu mwaka 2021. Mwaka jana figo zikaanza kumsumbua, akalazwa hapa Kibiti, kisha Dar es Salaam, na aliporudishwa nyumbani hakuwa analala, kila lori likipita barabarani anauliza limepunguza mwendo au halikupunguza. Jumapili iliyopita alituita Zuena na mimi, akatueleza yote haya. Zuena akauliza, "Miaka yote hii nilikuwa namwagilia nani?" Zuena akatoka nje, sisi tukadhani haondoki tu, anahama, lakini alirudi na uji, akamnywesha, na hakumsemesha tena mpaka kesho yake. Alifariki jana Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Zuena.

Wapo waliotaka mambo haya tuyazike naye, na ni kweli, ya maiti husitiriwa, lakini mwenyewe aliagiza yasomwe, na Zuena ameniambia, "Wifi, nimemsamehe, ila mwanangu nampata wapi mkinyamaza?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Dar es Salaam, majirani mliotuletea maji, kuni na mchele, wazee wa msikiti, na wafanyakazi wenzake wa barabarani mliokuja na magari yenu. Na kwenu nyinyi familia ina neno moja. Tumesikia barabara hii itafumuliwa kuanzia Januari na kujengwa upya, imara zaidi na kwa haraka zaidi, na tumefurahi, maana watu wanakufa kwenye mashimo. Zuena hataki kuwachelewesha. Anaomba tu kwamba siku mtambo utakapofika kipande kile kizuri, msianze kuchimba na kijiko chake, mumwite kwanza, yeye na sisi wanawake wawili watatu tutakuja na majembe ya mkono na sanda, na mtuachie asubuhi moja. Kaburi la marehemu limechimbwa leo kando ya lile la udongo mtupu, kwa amri ya Zuena, na upande wake wa kulia amesema paachwe wazi.

Mhandisi, huna haja ya kujibu sasa hivi, mbele ya jeneza, lakini Zuena amekaa mlangoni, na utapita hapo ukitoka.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Ukasha, mdogo wangu, sasa lala wewe, malori tutayasikiliza sisi. Pumzika kwa amani.