Lenzi ya Kopo Isikae Gizani

Risala ya wapiga picha wa studio ya Kopo kwa Mheshimiwa Meya, siku ya kukabidhi lenzi yetu kwa jumba la makumbusho la mji

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya. Ndugu zetu wa jumba la makumbusho. Mama Pete, mwanzilishi wetu, uliyeketi kule ukutani kando ya stendi ya kamera. Majirani na wateja wetu:

KARIBU UANI

Tunakushukuru kwa kupita ndani ya studio yetu hadi huku uani. Mlango ule wa nyuma ni mfupi na kila mgeni hujigonga. Tumeona nawe umejigonga. Pole sana, Mheshimiwa. Sasa umekuwa mwenyeji.

TULIKOTOKA

Studio hii ilianzishwa na Mama Pete na marehemu mumewe, wakiwa na kamera moja na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Lenzi tunayokukabidhi leo mumewe aliinunua kwa fundi saa aliyekuwa akihama mji. Alipoifikisha nyumbani, Mama Pete aliigeuzageuza akauliza, "Ndiyo hii ya kuona mbali? Mbona fupi kama kopo la maziwa?" Jina likabaki hapo.

Kwa wasioifahamu, lenzi za kuona mbali kwa kawaida huwa ndefu kama bomba. Hii ni fupi kwa sababu ndani yake mna vioo viwili vya kujitazamia. Mwanga huingia, hugonga kioo kikubwa kilicho nyuma, hurudi mbele kwenye kioo kidogo, kisha hugeuka tena na kuingia kwenye kamera. Safari ndefu imekunjwa ndani ya kopo. Kile kioo kidogo kimekaa katikati ya njia, ndiyo maana kila tone la mwanga lililo nyuma ya mtu, kama jua linalopenya majanini, hutoka pichani mfano wa pete. Wateja walizipenda pete hizo, na aliyezileta wakamwita Mama Pete.

Lenzi hii haijui kujirekebisha. Unazungusha ringi yake kwa mkono, na ukipitiliza upana wa ukucha, mtu anageuka moshi. Tundu lake halipanuki wala halipungui, kwa hiyo inataka jua. Wingu likija, sisi tunakaa chini tunapiga soga. Tena inaona hata mtetemo wa moyo. Kila mmoja wetu alifundishwa na Mama Pete akiwa nyuma ya bega lake.

"Shika pumzi."

"Mama, nikishika zaidi nitazimia."

"Zimia ukishabonyeza."

TULIYOYAPATA

Tumempiga picha fundi rangi akiwa juu kabisa ya mnara wa maji. Mkewe alipoiona alisema, "Kumbe huku ndiko unakokwenda kila asubuhi ukiniambia nisiwe na wasiwasi?" Tumewapiga picha ndege wakilisha makinda bila kuwashtua. Na kila mwaka tumepiga mbio za shule.

Mbio zina utaratibu wake. Mkimbiaji humfuati kwa ringi, hutamuwahi. Tunachora mstari wa chaki kwenye njia, Mama Pete anaiweka ringi sawasawa na mstari ule, halafu tunangoja. Anayeukanyaga ndiye anayetoka vizuri pichani.

Mwaka mmoja walimu wa michezo nao walichora mstari wao, hatua chache kabla ya wetu, na sisi tukabonyeza washindi walipoukanyaga wa walimu. Tulipogundua na kusogeza filamu, wote walikuwa wamekwisha kupita, isipokuwa msichana mmoja wa mwisho kabisa. Yeye aliukanyaga wetu, akicheka, na nyuma yake pete tupu.

Baba wa mshindi alikuja dukani. "Mwanangu yuko wapi?"

"Huyu hapa," akasema Mama Pete.

"Huyu si moshi huyu?"

"Alizidisha mbio, baba."

Bibi wa yule msichana wa mwisho alikuwa amesimama nyuma yake kwenye foleni. Akasema, "Mie nipeni yangu. Mwenda pole hajikwai, na anaonekana."

Mheshimiwa, hatutamtaja msichana huyo. Tunaamini unakumbuka picha ile ilitundikwa ukuta gani sebuleni kwa bibi yako.

YANAYOTUTATIZA

Hatuna la kumlaumu mtu. Jumba la makumbusho lilituomba lenzi hii kwa adabu, na lenye adabu halikataliwi. Tulikubali kwa kauli moja. Mama Pete alisema tu, "Wapeni," akaenda kumwagilia maua.

Ila tunaomba kueleza jambo la kiufundi. Lenzi ikifungiwa kabatini, penye giza na hewa isiyotembea, huota kuvu. Huanza kama uzi mwembamba pembeni ya kioo, kisha hutandaa, na kwenye vioo kama hivi haitoki tena. Dawa yake ni kutumika: itoke, ipate jua na upepo, ringi izungushwe.

Pia Mama Pete macho yake yamefifia. Picha ikiwa kali au ikiwa moshi, kwake sasa ni mamoja. Lakini mkono wake unaijua ringi ile, tunampimia mstari kwa hatua, tunamwambia, naye anazungusha na kusema "Hapo." Jumamosi zote, siku yetu ya kuitoa lenzi uwanjani, alikuwa akimtuma mjukuu dirishani: je, kuna jua? Binti yake ametuambia kwamba tangu tuifunge lenzi kwenye sanduku, mama haulizi tena kama kuna jua.

TUNAYOOMBA

Tunaomba moja tu. Kabati liwe na ufunguo, na Jumamosi zenye jua ufunguo huo tupewe sisi. Tutaichukua asubuhi na kuirudisha kabla jumba halijafungwa. Wageni wa jumba watakaokuta kabati tupu waelekezwe uwanjani. Huko wataiona vizuri zaidi.

Mheshimiwa, umeona lenzi bado haiko mezani. Iko kwenye stendi, kule ukutani, jua likiwa mgongoni mwake. Kati ya kiti chako na stendi tumechora mstari wa chaki, na leo hakuna mwalimu aliyechora wake. Mama Pete amekwisha kuzungusha ringi. Tunakuomba uinuke uje kuipokea, uje polepole, kama ulivyokuja siku ile. Ukiukanyaga mstari tutabonyeza, kisha tutakukabidhi ikiwa bado na joto la mikono yake.

Mungu akujalie afya, auangalie mji wetu, na atupe jua Jumamosi.

Ni sisi,
Wapiga Picha wa Studio ya Kopo