Dakika Hamsini na Tano Angani

Ndugu waombolezaji, mimi ninayesoma ni mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na familia imenituma niwaelezeni maisha yake.

Kaka yetu, ambaye kazini walimwita Bwana Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari hadi 1979, na hesabu zilizotutoa sisi jasho, yeye alizifanya huku anapiga mluzi.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa katika uwanja mdogo wa ndege wa mji huu kama karani wa kupima mizigo, na mwaka 1991 akawa mpanga safari, katika chumba chenye dirisha moja na feni mbovu, ambako aliandika ubaoni kwa mkono wake umbali wa kwenda mji wa pili, kilomita 386, muda angani dakika 55, na abiria wakilalamika aliwajibu kwamba yeye anajua dakika tu, ya kuchelewa wamuulize rubani.

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi wa huko huko mji wa pili, aliyeomba uhamisho mara sita na mara sita akanyimwa, na kwa kuwa barabara ni siku mbili, ndoa yao iliishi kwa tiketi ya wafanyakazi, ile ya kupanda endapo kiti kitabaki. Kifungua mimba wao alizaliwa tarehe 3 Juni 1990, baba akamwona tarehe 12, baada ya kuingia kazini na begi siku nane na kurudi nalo nyumbani siku nane, na kitinda mimba, wa mwaka 1993, alimwona siku ya tano, akasema sasa tunapiga hatua. Jamani, tulicheka.

Februari 2018 miguu ilianza kuvimba, ikagundulika moyo umepanuka, akawa analazwa na kuruhusiwa, nami nikamuuguza. Jumatatu tarehe 16 Septemba 2019 daktari aliniita kando, akaniambia niwaite watu wake siku hiyo hiyo. Nilimpigia shemeji, akataka kukata tiketi kamili, nami nikamzuia, nikamwambia asihangaike, angoje kiti cha bure, kwani ni dakika hamsini na tano tu, na neno la daktari sikumwambia. Nililisikia vizuri, ila sikutaka kuliamini. Jumanne ndege ilijaa. Jumatano ikaruka naye saa nne kamili, na kaka akakata roho saa nne na dakika thelathini na moja, akiwa ameniuliza mara tatu kama mkewe amepata kiti.

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake waliombeba. Shemeji, hili unalisikia leo kwa mara ya kwanza, mbele ya watu, kwa sababu peke yetu wawili ningeshindwa kulisema. Nisamehe, na usipoweza, sitakulaumu.

Pumzika kwa amani, kaka.