Mwani Juu ya Chandarua

Asalaam aleikum, kina mama wenzangu wa mwani. Mwenyekiti kaniomba niseme, nami nitasema, ila msikonyezane. Wengine humu mngali mnafanya nilichokifanya mie.

Tuligaiwa vyandarua viwili, vipya, vyanuka dawa. Nikasema, hivi vitaniwasha uso bure, na malaria Pemba si ishaisha! Nikavitandaza uani, nikaanikia mwani usiingie mchanga. Mwani ukatoka msafi, nikajisifu mtaa mzima.

Mume wangu naye huvuka kwenda Tanga kuchukua vitunguu. Safari moja karudi na homa. Bandarini watu wa afya wakataka kumtoboa kidole wampime malaria, kakataa. "Mie mzima, bahari tu imenichosha." Mwanamme huyo! Homa ikaja ikaenda, naye anameza vidonge vya kichwa, na mbu wanatoka kwake wanakuja kwetu.

Mwezi haukutimia, binti yetu wa miaka mitano akashikwa na homa, kisha degedege. Ndugu zangu, nawaambia kweli tupu: sikwenda hospitali. Nilimbeba mbio kwa shehe anywe kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini. Shehe akamgusa kipaji cha uso, akanikaripia mbele za watu.

"Mtoto hamezi, Bi, nimnyweshe nini? Mpeleke hospitali sasa hivi! Dua nitamwombea hapa hapa."

Nilimchukia njia nzima. Lakini nilikwenda.

Hospitali wakamtundikia dripu. Muuguzi akauliza, "Nani kasafiri hapo nyumbani?" Nikamtaja baba mtu. "Na chandarua mnalalia?" Nikamfunika mtoto kanga. Akauliza tena.

"Kipo uani, kina mwani."

Hakunitukana. Bora angenitukana.

Watu wa hospitali wakaja nyumbani, wakatupima sote. Baba mtu akakutwa nayo malaria bado, yeye na bahari yake! Nilitaka kumpigia kelele, nikakumbuka vile vyandarua, nikafunga mdomo.

Nawashukuru shehe aliyenifukuza na muuguzi aliyeniuliza mara ya pili, Mungu awalipe. Nanyi, mtu akitoka bara apimwe, hata akinuna. Mwani uanikeni juu ya maturubai, vyandarua mlalie. Nimechoka kulisema hili nyumba kwa nyumba huku mnanicheka.

Mwanangu alizinduka siku ya nne, alhamdulillahi. Yule pale mlangoni anacheza. Mkitaka kumwita, mwiteni upande wa kulia. Sikio la kushoto halisikii tena.