Alama ya Meno ya Mwoka Mikate

Treni ilipoondoka, mwoka mikate alimfunulia bibi aliyeketi jirani yake meno yaliyolika yakawa kama ganda la yai.

"Daktari kasema tumbo langu haliivani na ngano, bibi. Tindikali nayo inapanda mpaka mdomoni, inayala haya meno."

"Acha mkate, mwanangu."

"Nitaachaje? Kila mkate lazima niung'ate pembeni. Wateja wakikosa alama ya meno yangu, wanasema si wangu."

Bibi akavua meno yake ya bandia, akayafuta kwa leso. "Haya hayana tumbo. Ng'atisha."

Mwoka mikate akayabana kwenye mkate aliobeba. Alama ikatoka safi kuliko yake ya ujanani.

Treni ikasimama. "Kituo changu hiki," bibi akasema kwa ufizi. "Nipe."

"Na mikate ya kesho, bibi?"

Kila mmoja alishika taya moja ya meno hayo ya bandia, na hakuna aliyeachia.