Papa Banza Aachia Chanuo

Baada ya miaka thelathini na moja ya kushika vichwa vya wanaume wa bandari yetu, Sitwayeni Banza (yaani raia Banza, kama serikali inavyotaka tuitane), kinyozi wa wafanyakazi, amestaafu tarehe 31 Machi 1984. Alipoajiriwa, mji uliitwa Albertville na yeye aliitwa Augustin. Mji ukapata jina jipya, nchi ikapata jina jipya, naye akanyang'anywa lile la ubatizo. Kitu pekee ambacho hakuna amri iliyoweza kukibadilisha ni mwendo wake wa kazi, ambao ni ule wa treni ya Kabalo siku injini imekufa.

Nimeombwa niandike mimi, Mama Mujinga, kwa sababu nilifanya kazi upande wa pili wa pazia, kwenye nywele za wanawake. Pazia lile lilizuia macho tu. Wanaume wanaopanda ngazi ya meli na gunia la mahindi shingoni, wanaotukana mvua na mawimbi ya ziwa, nimewasikia wakiguswa na chanuo na kuwaita mama zao. Wateja wangu, waliovutwa nywele tangu wakiwa watoto, walikuwa wakiuliza kama huko kuna mtu anang'olewa jino.

Miaka ya sabini ilipoleta fasheni ya nywele kubwa, kila karani alitaka kichwa kilichozidi cheo chake. Kukiosha, hapana. Kukipaka mafuta, hapana. Walifuga tu, na nywele zetu, zinazojikunja zenyewe, zikafanya ushirika na vumbi la makaa. Hapo ndipo walipomkumbuka Papa Banza. Aliwaosha kwa maji ya vuguvugu, akawapaka mafuta ya kokwa za mawese, akagawa kichwa mafungu manne kwa vibano vya kuanikia nguo, kisha akaanza kufumua kwa vidole, kutoka nchani kwenda shinani. Chanuo la mti lilikuja mwisho. Zikilegea, alizizungushia uzi mweusi, fungu kwa fungu, ili zikauke zimenyooka kidogo. Kwa hiyo kila Jumamosi mabwana wakubwa wa bandari walikaa nyuma ya pazia na nyuzi kichwani kama mabibi harusi, wakijadili siasa.

Sasa nifike kwenye habari ambayo wengi mnaisimulia vibaya, ile ya mwaka 1975.

Emile alikuwa fundi wa mashine katika meli. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Kalunga, lakini jina hilo lilitumika siku ya mshahara tu. Mke wake, Odile, ndiye aliyekuwa akimfumua na kumpaka mafuta nywele kila Jumapili. Odile akaugua, na Emile akalala miezi kadhaa kwenye sakafu ya hospitali, kando ya kitanda chake. Walipomzika Odile kule Zongwe, ndugu walitaka kumnyoa Emile kama desturi ya msiba inavyotaka. Alikataa, nao wakaamua kwamba huzuni imemharibu akili. Aliporudi kazini, kichwa chake kilikuwa kimegandamana kama godoro kuukuu.

Wakati huohuo ujumbe ulikuwa unatoka Kinshasa kututembelea. Shefu wa personeli, mkubwa wa wafanyakazi wote, Sitwayeni Mulumbwa, ambaye leo amepandishwa cheo mpaka mbali sana, na ndiyo maana tunaandika kwa amani, akatoa amri: mwenye nywele chafu anyolewe, au asipande meli tena. Serikali ilikuwa inatuhimiza turudie Uafrika wetu. Shefu aliona Uafrika huo uanze chini ya shingo.

Siku moja kabla ya wageni, asubuhi, Emile akaja akakaa kitini. Nilimsikia vizuri.

"Papa Banza, usikate. Mikono ya Odile ilipita humu."

"Wameandika zikuwe safi," Papa Banza akamjibu. "Hawakuandika zikuwe hapana. Lakini utakaa, na utaumia."

Alianza. Saa sita ikapita. Mama Henriette, aliyekuwa akituuzia mandazi, aliwalisha kwa zamu, maana kinyozi hakutaka kutoa vidole nyweleni. Emile alilia, na kwa mara ya kwanza upande wetu wa pazia hakuna aliyecheka.

Alasiri akaingia Shefu Mulumbwa mwenyewe, kwa miadi yake.

"Banza, toka hapo. Ni zamu yangu. Huyu umupige wembe, ni dakika mbili."

"Shefu, hii njo kichwa ya muntu, haiko majani ya kiwanja. Ukae kwanza."

Akakaa! Nadhani ni mshangao. Kwa muda fulani bandari yetu iliona ajabu ya shefu wa personeli akipanga foleni, abakosti, lile koti la taifa lisilo na tai, imefungwa mpaka kidevuni. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akainuka na kuondoka kwa kishindo.

Alikwenda kwa mpwa wake Édouard, kijana aliyerudi kutoka Kongolo na elimu ya kisasa: dawa yake mwenyewe ya kunyoosha nywele, yenye magadi makali ya sabuni. Kwa uaminifu lazima niseme dawa ile ilifanya kazi. Ilinyoosha nywele za shefu mpaka zikaondoka kabisa, vipande vipande, pamoja na ngozi kidogo. Kesho yake aliwapokea wageni akiwa na kofia, na mambo yalikwenda vizuri mpaka ulipopigwa wimbo wa taifa na ikabidi kofia zivuliwe. Wageni wa Kinshasa ni watu wenye adabu. Wote waliangalia ziwa.

Emile alisimama mstari wa mbele. Nywele zake ziling'aa, zimelegea, hakuna fundo hata moja. Hakuna aliyepata neno la kumwambia.

La kumwambia Papa Banza lilipatikana upesi. Alipelekwa depo kubeba magunia, katika umri ambao wengine wanabebewa. Kiti chake akapewa Édouard, kama zawadi ya kumchoma mjomba wake. Wanaume wote wakagundua ghafla kwamba hawahitaji kinyozi. Msidhani ni mshikamano. Ni woga wa dawa. Msimu wa mvua ulipokwisha, bandari nzima ilikuwa na vichwa vya kutisha watoto.

Nilikwenda depo kumwona. Alinionyesha viganja vyake, vimepasuka kwa kamba za magunia.

"Mama Mujinga, mikono imekuwa migumu. Nikishika kichwa sasa, sitasikia kitu."

Hakuwa anatania.

Aliyemtoa pale ni Mulumbwa. Mchana mmoja alikuja, akaketi juu ya gunia, akavua kofia. Papa Banza alikikagua kichwa chote, kovu kwa kovu. Kisha akaomba maji ya vuguvugu. Alimtibu mpaka nywele zikaota tena, akianza kila mara kwa kuloweka mikono yake mwenyewe kwenye mafuta, ili vidole virudie kusikia. Vilirudi polepole, kama kila kitu chake. Alirudishiwa kiti, msamaha haukuombwa, kwa kuwa mashefu huwa hawakosi. Édouard alihamishiwa kupaka rangi meli, ambako kipaji chake hakidhuru mtu.

Siku ya kuagana tuliandaa fanta, bia na hotuba nne. Kabla hazijaanza, Emile, ambaye sasa ana mvi, alimshika Papa Banza mkono akamkalisha kwenye kile kiti, akaanza kumwosha kichwa. Kwa muda tulisikia maonyo tu: "Anzia nchani! Nchani, Emile, unaniua!" Halafu maonyo yakapungua. Halafu yakakoma. Mzee alikuwa amelala, kinywa wazi, kichwa chake mikononi mwa Emile, na Emile hakuthubutu kuvitoa vidole vyake.

Mkurugenzi akasoma hotuba yake yote, kurasa zote, mbele ya mtu anayekoroma. Papa Banza hakukosa kitu.

Asante, Papa. Pumzika kwa mwendo wako uleule, na siku zako zilizobaki zikawe laini.

Mujinga, upande wa wanawake