Bi Rukiya na Orodha ya Sohar

Alhamisi hii, tarehe 30 Novemba 2017, Bi Rukiya Abdullatif anakabidhi funguo za kabati la bima baada ya miaka ishirini na moja katika ghala letu la Jebel Ali. Aliingia mwaka 1996 akitokea Malindi, akawa karani wa mapokezi, na anaondoka akiwa Ofisa wa Bima ya Wafanyakazi. Wasifu huu nimepewa mimi, Taib, kwa kuwa ndimi mkuu wa kitengo chake. Nimeufuta mara tatu.

Wageni kazini huenda hawajui alichokuwa akifanya. Wateja wetu wa Sohar, ng'ambo ya mpaka wa Omani, wanapozidiwa na mizigo, tunawapelekea watu kwa wiki mbili. Bima ya ajali kazini humfuata mfanyakazi huko alikotumwa, mradi jina lake, mahali na tarehe viwe vimeandikwa kabla hajaondoka. Orodha hiyo ilikuwa mikononi mwa Bi Rukiya, naye hakuiamini karatasi peke yake. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa getini, anapanda basi, anasoma majina na kumtazama kila mtu usoni.

Dereva Hashir hasahau siku alipozuiwa nusu saa nzima kwa sababu jina la babu wa abiria mmoja halikulingana na pasipoti. Alipiga honi. Bi Rukiya akauchomoa ufunguo wa basi, akautia mkobani, akaendelea kusoma. Tangu hapo madereva wakamwita Madam Majina, naye akajifanya hasikii. Ndiye pia aliyewalazimisha wasafiri wote waandike namba ya bima ndani ya kofia zao za kazi. Kwa kaimati alizotupikia kila Alhamisi alikuwa mkarimu kupindukia, lakini kwenye fomu hakuwa na rafiki: mkurugenzi mwenyewe aliwahi kurudishiwa yake kwa kukosa tarehe.

Sasa nifike Machi 2014, maana bila mwezi huo wasifu huu ni porojo tu.

Asubuhi ya safari, mpakiaji wetu Jamiru aliamka na homa. Sisi wa maghala tumezoea kushikiana zamu bila maneno mengi, kwa hiyo Yowasi, mwenzake wa chumba na Mganda mwenzake, akajitolea kwenda badala yake. Siku hiyo Bi Rukiya alikuwa amekwenda kupimwa afya kwa ajili ya viza. Orodha alikuwa ameitia sahihi jana yake. Msimamizi wa zamu nilikuwa mimi. Nilimwambia Yowasi, "Panda, yalla, jina tutabadilisha baadaye." Basi likaondoka, kazi zikanizonga, nami nikasahau.

Siku ya tisa, huko Sohar, mzigo ulianguka ukaupondaponda mkono wa kulia wa Yowasi. Waliusafisha na kuufunga, wakamrudisha Dubai. Daktari wa hapa akasema mishipa inahitaji upasuaji, na kwamba wiki zikipita vidole vitakakamaa moja kwa moja. Kampuni ya bima ikajibu kuwa haina mtu huyo Sohar. Kwa orodha yetu, aliyesafiri ni Jamiru. Kwa daftari letu la zamu, Yowasi alikuwa Jebel Ali akipakia makontena.

Katika kikao, mmoja wa wakubwa akashauri tuandike tu kwamba ajali ilitokea hapa ghalani. Sitaficha: niliona ni ushauri mzuri. Bi Rukiya alifunga faili lake akasema, "Mkono umeumia Sohar. Siwezi kuurudisha Jebel Ali kwa kalamu."

Kuanzia hapo hakukaa. Alikusanya muhuri wa mpaka kwenye pasipoti ya Yowasi, karatasi za mahudhurio kutoka Sohar, maelezo ya dereva na mkataba wa kazi. Mara saba alipanda metro kwenda ofisi ya bima kule Jumeirah Lakes Towers, na mara sita alirudi mikono mitupu. Hoja yake ilikuwa moja: bima inamlinda aliyetumwa na mwajiri, na orodha ni ushahidi tu wa kutumwa. Mara ya saba Madam Ikhlas, aliyeshughulikia madai hayo, alikubali, ila akataka maelezo ya maandishi ya namna orodha ilivyokosewa. Bi Rukiya aliandika palepale: "Orodha ina sahihi yangu, na siku ya safari sikuhakiki abiria." Kila neno lilikuwa kweli. Jina langu hakulitaja.

Yowasi alipasuliwa wiki hiyo hiyo. Vidole viwili havikunjiki hadi leo, lakini vitatu vinafanya kazi, na ndivyo vinavyobandika lebo zetu zote za makontena.

Bi Rukiya alipewa onyo la maandishi. Mwaka ule kiti cha mkuu wa kitengo kilikuwa chake, kila mtu alijua. Kwa sababu ya onyo lile akarukwa, na kiti nikapewa mimi. Nilikipokea. Nilipopata ujasiri wa kumwuliza kwa nini alinyamaza, alinijibu bila kuinua macho kwenye fomu zake, "Viza yako ilikuwa inaisha mwezi ule, na mkeo Fauziya alikuwa ndio kwanza amejifungua. Wewe wangekurudisha kwenu. Mimi wangeniudhi tu, khalas."

Nimekuwa bosi wake miaka mitatu na hajanionyesha jicho la lawama hata siku moja. Laiti angenionyesha.

Bi Rukiya, kwa niaba ya wote waliovuka mpaka wakiwa na majina yao sahihi, asante. Mola akupe afya tele huko Malindi na asubuhi zisizo na haraka. Na kwa niaba yangu peke yangu, nisamehe. Leo saa mbili nimewapelekea wakubwa barua niliyopaswa kuiandika mwaka 2014: Yowasi alipanda basi kwa amri yangu. Nimewaomba waliondoe onyo kwenye faili lako kabla hujatoka getini, na waliweke kwenye langu.