Sanamu Chini ya Shuka

Tulipopanda matatu pale Isinya, mwalimu mmoja kijana alikuwa amepakata sanamu ya plastiki: mwanamke asiye na miguu, tumbo lake linafunguka kama kabati. Mama wa Kimaasai aliyeketi kando yake alivua shuka akaifunika. "Mwalimu, huyu mtu hana nguo."

"Ni ya kufundishia tu, mama. Sayansi ya gredi ya sita."

Nilidhani yameisha.

"Lorna wangu yuko hiyo gredi. Jana aliona damu, akajificha kwa boma ya mbuzi akilia ati anakufa. Nikashindwa kumweleza, na mimi nimezaa watano." Aliinua shuka kidogo. "Nionyeshe nyumba ya mtoto, niende nikamwambie."

Mwalimu alifungua tumbo. Moyo ulikuwepo, maini, utumbo wote umepangwa vizuri. Chini kabisa palikuwa na shimo tupu.

"Hiyo nilitoa, mama. Watoto walikuwa wanacheka."

"Walicheka wao, ama ni wewe uliona haya?"

Niligeukia dirisha, kana kwamba nimeulizwa mimi.

"Noonkopir, shukeni!" makanga akaita. Mama alichukua shuka yake. Mwalimu akashuka na sanamu yake, ameziba lile shimo kwa kiganja.